Mtoto Wako Analala Wapi?

Watu wakisikia nimekulia Tandale, Dar es Salaam, wakaupigia hesabu umri wangu, huniuliza swali lilelile: ulikuwa Panya Road, wale vijana wa kupora kwa mapanga? Huwa najibu kwamba sikuwa, ila nililala nao. Wanacheka, wanadhani natania. Naandika haya kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto wa kiume wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu, anayeishi chumba kimoja au viwili uswahilini, na kwa ajili ya mtoto mwenyewe kama anasoma. Majina siyataji. Wengine wako hai na wana watoto wao, wengine mama zao bado wananisalimia sokoni.

Nilizaliwa 1998. Kwetu ni upande wa Kwa Mtogole, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, uani choo kimoja na bomba lililotoa maji likipenda lenyewe. Sisi tulikuwa na chumba kimoja: mama, baba mlezi, mimi, na baadaye mdogo wangu wa kike na wa kiume. Kitanda cha wazazi kilikuwa nyuma ya pazia. Ukiwa na miaka saba pazia linatosha. Ukifika kumi na tatu halitoshi tena, na hakuna anayekuambia. Unaanza mwenyewe kuona haya hata kukohoa usiku. Nikahamia koridoni na mkeka wangu, wapangaji wakalalamika kwamba wananikanyaga wakienda chooni. Ndipo jirani wa nyumba ya tatu, kaka wa miaka ishirini hivi, akamwambia mama, "Mwache dogo aje alale geto kwangu, nafasi ipo." Mama akashukuru sana. Jioni ile akampelekea sahani ya wali na maharage.

Hiyo ndiyo siku niliyoingia. Siku nyingine ya kuingia sina. Nikisikia semina za vijana wakizungumzia makundi rika na ushawishi mbaya najiuliza kama waandaaji wamewahi kulala watu watano chumba kimoja. Mimi sikushawishiwa na mtu. Nilitafuta pa kuweka ubavu.

Geto lilikuwa na magodoro mawili chini, sabufa, feni ya mezani iliyokosa kikinga, na picha za wachezaji mpira ukutani. Tulilala watano, wikendi hadi saba. Kodi ilikuwa 25,000 kwa mwezi na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Sikuwahi kujiuliza kijana asiye na kazi alikuwa anaitoa wapi laki na nusu. Sisi wadogo kodi yetu ilikuwa kutumwa: maji ndoo mbili asubuhi, chipsi, vocha, sigara. Halafu siku moja ikawa begi. "Lipeleke Manzese kwa fulani, usifungue." Lilikuwa begi la shule, la bluu, zipu yake imefungwa kwa kipande cha waya. Lilikuwa zito upande mmoja tu, na nilipolipakata kwenye daladala, kupitia kitambaa nikapapasa mpini wa mbao uliozungushiwa mpira wa baiskeli. Nilijua ni nini. Nikalifikisha, nikapewa soda, nikarudi kulala.

Nieleze kidogo kuhusu miaka ile, maana watu husahau haraka. Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata sifuri. Serikali ikaunda tume, matokeo yakapangwa upya, lakini mtaani kwetu hesabu ilishafanyika: vijana waliokuwa na sare ya shule Oktoba walikuwa wamekaa kijiweni Machi. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, na michango ya shule ilikuwa inanirudisha nyumbani kila baada ya wiki chache: ada 20,000 kwa mwaka, kisha mlinzi, dawati, tishati. Ada ilikuja kufutwa Januari 2016. Mimi niliacha kabla ya hapo. Simtupii mzigo waziri wala mwalimu. Nasema tu kwamba kijiwe hakikujazwa na bangi kama wanavyopenda kusema wazee. Kilijazwa na watu waliokuwa hawana pa kwenda kuanzia magharibi, na bangi ikaja baadaye kama karata na draft zilivyokuja, kuua muda.

Na muda wenyewe uliuawa zaidi kwenye vigodoro. Kuna harusi au unyago, turubai limefungwa barabarani, muziki unapigwa mpaka saa nane usiku. Ukizimwa, vijana thelathini wanaondoka pamoja kwa miguu, barabara nzima ni yao, na hakuna aliyepanga kitu. Mmoja anamnyang'anya simu mtu aliyechelewa kazini. Wengine wanazunguka ili asijue ni nani. Hapo kila mmoja ameshakuwa mwizi, hata aliyekuwa nyuma anafunga kamba za viatu. Baadaye ndiyo ilikuja kupangwa, kwa mapanga na nondo, na watu wasio na hatia wakakatwa. Lakini mwanzo wake niliuona, na ulikuwa ni msururu wa watoto wanaorudi nyumbani kulala.

Mtu ataniuliza pesa. Pesa ilikuwa ndogo kuliko mnavyofikiri. Simu ya laki mbili na nusu mnunuzi alitoa elfu arobaini. Mkubwa, yule kaka mwenye geto, alichukua ishirini na tano, wawili waliokwenda wakapata tano tano, iliyobaki ikawa sigara na chipsi mayai za geto zima. Mimi nilikula chipsi zile, na nilizila kwa raha. Ukimwambia kijana kwamba uhalifu haulipi hakusikii, kwa sababu hakuna aliyemwahidi malipo. Analipwa kwa godoro, chipsi, na kuitwa jina lake na watu wazima.

Baba mlezi wangu alikuwa kuli Soko la Tandale, upande wa nafaka. Mtu mkimya, mabega yamekakamaa kama gome. Sikumpenda wakati ule na naye hakujilazimisha kupendwa. Mwishoni mwa 2014, bila kunigombeza na bila kutaja geto, aliniambia: "Kuna Fuso za mahindi zinaingia usiku kutoka Kibaigwa, kule Dodoma. Magunia yanapotea kwenye hesabu, nataka mtu wa kuandika. Ukimaliza utalala hukohuko juu ya mzigo." Malipo yalikuwa 3,000 kwa usiku. Nilikwenda kwa ajili ya hiyo elfu tatu.

Kazi yenyewe ilikuwa chaki na ukuta. Gunia likishuka napiga mstari, la tano nakata. Kuli mmoja mzee alinifundisha kutazama lumbesa, yale magunia yaliyojazwa mpaka yakashonewa kofia juu, kwa sababu mpakuaji hulipwa kwa gunia na lumbesa moja humtoa mtu jasho la gunia moja na nusu. Saa tisa usiku Fuso zikiisha tulilala juu ya mahindi, kwenye harufu ya vumbi na dawa ya wadudu. Saa kumi na moja alfajiri mama lishe anapita na chai ya tangawizi, na hapo haijalishi umelala saa ngapi, unaamka, kwa sababu wanunuzi wanakuja. Sikuwa na dhamira yoyote ya kubadilika. Nilikuwa na usingizi tu, na mtu mwenye usingizi haendi kigodoro.

Usiku wa tarehe 2 Januari 2015 walio Dar es Salaam wanaukumbuka. Habari ilipita kwenye simu kwamba Panya Road wanakuja, mara wako Sinza, mara Magomeni, mara Manzese. Maduka yalifungwa, watu walikimbia wakaacha vyakula mezani, daladala ziligeuza njiani. Sehemu nyingi hakuna aliyeona panga hata moja. Walioonekana ni watu wanaokimbia, na waliowaona nao wakakimbia. Nilikuwa juu ya Fuso na chaki mkononi. Madereva walifunga milango, makuli wakashika mambao, tukakaa hivyo mpaka asubuhi.

Kilichofuata ni msako. Polisi walikamata vijana kwa mamia jijini. Geto letu lilivunjwa mlango siku chache baadaye, alfajiri, wakachukuliwa wanne. Mkubwa mwenyewe hakuwepo. Mmoja kati ya wanne alikuwa na miaka kumi na tano, mwembamba, anayependa njiwa. Aliandikwa ana kumi na nane. Hakuna wa kwao aliyepeleka cheti cha kuzaliwa kwa sababu cheti hakikuwepo. Hili nataka mlishike: Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka kumi na minane, kesi yake isikilizwe mahakama ya watoto, na haruhusiwi kuhukumiwa kifungo cha jela. Lakini sheria haimwoni mtu usoni, inataka karatasi. Kama mwanao hana cheti, nenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi, au ofisi ya mkuu wa wilaya sasa, wakati hakuna kesi. Ukisubiri siku ya kesi utakuta umri wake umeshaandikwa na mtu mwingine.

Na lingine ambalo hatukulijua pale geto, tukidhani kubeba begi ni kutumwa kwa kawaida. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lililo kwenye Kanuni ya Adhabu, hauna dhamana, na ukipatikana na hatia ni miaka isiyopungua thelathini. Kijana wa kumi na tisa anatoka ana arobaini na tisa. Hakimu hatapima uzito wa gawio lako la elfu tano.

Nilipopona msako ndipo matatizo yangu yalipoanza. Geto likavunjwa, kati ya sisi wadogo mimi peke yangu sikuwepo. Mnajua mtaani hesabu hiyo inajumlishwaje. Neno likapita kwamba nimechoma, yaani nimewauza kwa polisi. Mkubwa alinikuta bombani jioni, hakufoka hata kidogo. Aliinama akanawa uso, akaniuliza, "Ulijuaje usiwepo?" Nilijieleza mpaka nikaishiwa maneno, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyofanana na mwongo. Usiku huo nilitapika.

Wengi wanaotaka kutoka huogopa polisi. Mimi nasema ogopa zaidi zile wiki za kati, ambapo wa zamani wanakuona msaliti na majirani bado wanakuona mwizi. Vijana wengi hurudi hapo, wakikimbilia upande pekee wanaofahamika. Baba mlezi alifanya jambo ambalo mama hakumsamehe kwa muda mrefu. Alikwenda kijiweni, saa ya jioni watu wakiwepo, akakaa kwenye benchi, akamwambia mkubwa: "Huyu usiku ana kazi na mimi. Kama kuna deni lake hapa, niambie mimi." Mkubwa akafikiria, akataja 60,000. Eti kodi ya muda wote niliolala. Mzee hakubisha. Alimlipa kidogokidogo, kila Jumamosi, mbele ya watu. Mama alilia: unamlipa mwizi kodi! Lakini baada ya hapo hakuna aliyenigusa, kwa sababu deni lilikuwa na mwisho unaojulikana na kila mtu kijiweni alikuwa shahidi.

Simshauri kila mzazi afanye hivyo. Yule kijana alikua mbele ya macho ya baba mlezi, aliwahi kubebwa naye mabegani akiwa mdogo, na alikuwa na haya naye. Kwa kundi la wageni, au lenye dawa za kulevya ndani yake, ningesema hama usiku huohuo na usimuage mtu. Ninachoshauri ni hili dogo: asitoke mtoto kujitetea mwenyewe. Atoke mtu mzima anayeheshimika, aseme maneno machache, asimtukane mtu wala asiwahubirie. Na mtoto asitangaze kwamba ameacha. Aseme ana kazi. "Nimeacha" ni hukumu kwa waliobaki. "Niko kazini" hakuna anayeigombania.

Wazazi walinipeleka Kibaigwa kwa Fuso ileile. Kwetu mtoto akiharibika anapelekwa shamba, na nimeona wengi wakipelekwa wakarudi wabaya zaidi. Mimi lilinisaidia kwa sababu kulikuwa na kazi inayonisubiri kwenye soko la mahindi na mtu aliyekubali kunipa pa kulala, ghala la mfanyabiashara mmoja rafiki wa baba mlezi. Yule anayepelekwa kwa bibi akakae tu, bila kazi na bila tarehe ya kurudi, anaona ametupwa. Upweke wa Kibaigwa nisiudanganye kuwa ulikuwa mtamu. Kulikuwa na jioni nilizopanda kwenye barabara kuu kutazama mabasi ya kwenda Dar, nikihesabu nauli mfukoni.

Nikiwa huko ndipo mama alinipigia kwamba mkubwa ameuawa na wananchi, mbali na kwetu. Walimchoma. Mama ndiye aliyepika kwenye msiba, akasema waliokuja walikuwa wachache na hakuna aliyelia kwa sauti. Mimi nililia ghalani, na katikati ya kulia nikagundua nimepata nafuu, kana kwamba nimevuliwa viatu vilivyobana, na nikajichukia. Mtu huyu alinipa godoro nilipokuwa sina. Sijui kumweka fungu gani mpaka leo, na nimeacha kujaribu.

Niliporudi Dar sikurudi Tandale. Shangazi yangu aliyekaa Tabata alinipa sebule, masharti mawili: mlango unafungwa saa tatu, na kila Ijumaa natoa chochote cha chakula, hata buku mbili. Mkianza kumpokea kijana wa aina yangu, hayo masharti mawili yanatosha. Msimwekee ishirini.

Nikaanza Soko la Karume, Mchikichini, kwa mama mmoja muuza jinzi za mtumba. Nilianza kwa kubeba belo, kisha kupanga, kisha kuita wateja, mwishowe nikapewa meza. Mitumba ni biashara ya alfajiri. Belo likifunguliwa saa kumi na moja, ukifika saa moja umekuta vitambaa vya deki. Kwa hiyo nililala saa tatu bila kulazimishwa na mtu. Miaka ilipita hivyo, mizuri, na sina la kuieleza zaidi ya kwamba nilioa.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 16 Januari 2022, soko liliungua. Nilifika nikakuta watu wamesimama wameshika vichwa, mabati yanalia kwa joto. Meza yangu ilikuwa na mzigo wa 1,800,000, na laki tisa ya hizo ilikuwa ya kikoba. Bima hakuna. Jirani yangu wa meza alikuwa anachokoa majivu kwa fimbo akitafuta kisanduku cha hela, na alikipata, kimejaa sarafu zilizoshikana.

Wiki ile ile simu ikaita. Mmoja wa wale wanne waliochukuliwa getoni, alikwisha toka ndani. Sauti ya upole. "Nimesikia pole sana. Kuna kazi ya usiku mmoja tu, unarudisha mtaji." Nataka niwe mkweli: sikukataa pale pale. Nilimwambia nitampigia. Nilikaa na hiyo simu mkononi, mke ana mimba, kikoba kinakutana Jumapili. Hofu ya jela haikuniokoa, maana mtu aliyeunguliwa haogopi vizuri. Kilichonisaidia ni kwamba mke wangu, nilipomweleza (na kumweleza ndiyo hatua yenyewe, mwambie mtu kabla usiku haujaingia), hakunihubiria. Aliuliza, "Usiku wa leo unaweza kuwa wapi pengine?" Mtaa wa pili kulikuwa na kiwanda kidogo cha mikate, wanakanda kuanzia saa nne usiku. Alinisindikiza mwenyewe. Nikapewa 8,000 kwa usiku, tanuri la kuni, jasho mpaka kwenye nyayo. Kikoba niliwaendea kabla ya kikao, nikaomba kulipa kwa awamu; mwenyekiti alinuna, wengine watatu nao walikuwa wameungua, tukapangiwa miezi kumi.

Kazi ya usiku ina hatari yake nyingine, nayo niliionja Septemba mwaka huohuo. Panya Road walirudi kwenye magazeti. Nyumba zilivamiwa, mwanafunzi wa chuo akauawa kwao Zingiziwa, Chanika, watu wa mji wakachafuka, na haki yao kuchafuka. Polisi wakaingia mitaani, wakatangaza kuwaua watuhumiwa sita kwa mkupuo. Kijana anayetembea saa kumi usiku na unga kwenye nywele ni mtuhumiwa. Nilichukuliwa, nikalala selo na watu tuliokuwa hatutoshi kukaa, nikatoka kesho yake mchana baada ya mwenye kiwanda kuja na daftari la mahudhurio. Kituo sikitaji, na aliyenikamata alikuwa anafanya kazi yake, ingawa kofi halikuwa kazini.

Kwa hiyo kama una historia, au una sura tu ambayo watu wanaiogopa, na unafanya kazi za usiku: tembea na kitambulisho chako cha taifa, cha NIDA, siyo kopi kwenye simu. Omba barua kwa mwajiri yenye namba yake, hata kama mwajiri ni mama wa maandazi. Nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa vijana wa ulinzi shirikishi wakati hakuna msako, wakujue uso na saa zako. Ukikamatwa usikimbie, usibishane, taja jina lako kamili na umri wako wa kweli. Kwa makosa ya kawaida sheria inataka ufikishwe mahakamani au upewe dhamana ndani ya saa ishirini na nne, na dhamana hailipiwi. Na usinunue simu ya mkononi mwa mtu barabarani hata kwa bei ya karanga. Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole, ukiweka laini yako kwenye simu yenye RB ya mtu, yaani iliyoripotiwa polisi kuwa imeibwa, umejiandikia jina mwenyewe.

Mdogo wangu wa kiume alipofika miaka kumi na mbili, chumba kile cha Tandale kilikuwa bado ni kimoja. Mto Ng'ombe umejengewa kingo, taa za barabarani zimekuja, pazia la mama ni lilelile. Nikamchukua. Tuna vyumba viwili, watoto wetu wawili, na yeye analala sebuleni kwenye godoro linalosimamishwa nyuma ya kochi asubuhi. Gharama ni chakula, nauli ya shule, na ugomvi. Mke wangu hana sebule ya kukaa na wageni wake baada ya saa tatu na haoni kwa nini asiseme. Yuko sahihi. Wazazi wengine mtaani kwetu wamepanga chumba kimoja kwa pamoja kwa ajili ya watoto wao wa kiume wanne, na babu wa mmoja wao analala nao. Huo ni mpango mzuri kuliko wangu, na ningekuwa na babu wa kumkopa ningeuiga.

Yule wa wale wanne aliyenipigia mwaka wa moto nilikutana naye tena 2024. Amekonda, jino moja la mbele hakuna. Hakunitajia usiku wowote. Aliomba kubeba belo, maana nilisharudi kwenye meza ya mitumba. Shangazi alisema nimfukuze, mke wangu akasema nimsikilize lakini nyumbani asilale. Nikamchukua kwa masharti machache, kama nilivyowekewa mimi: saa kumi na moja alfajiri awe mezani, analipwa jioni na kamwe siyo kabla, ufunguo wa stoo ninakaa nao mimi. Analala kwa dada yake Vingunguti, na namba ya huyo dada ninayo. Vijana wa meza za jirani wanaficha simu zao akipita, naye anajua, anawacheka. Jumamosi iliyopita alifika saa tatu. Nikamkata elfu mbili, akanuna siku nzima, Jumatatu nilimkuta amekalia belo kabla sijafika.